Mfuko mkubwa ukinunua hisa za afya, na wewe ununue? Yaliyonikuta kwa hela ya dada

Mkuu, umeuliza kama ukiona taasisi kubwa imenunua hisa za UnitedHealth, kampuni ya bima ya afya ya Marekani, na wewe ujitose. Nakujibu kama mtu aliyeungua. Dada yangu yuko Texas na akaunti ni yake. Mimi huku Moshi ndiye mchambuzi wake, cheo nilichojipa mwenyewe.

Mwaka juzi nilisoma kwamba mfuko fulani wa uwekezaji umeongeza hisa maradufu kwenye kampuni ndogo ya vifaa vya hospitali. Nikampigia dada usiku uleule, akanunua. Ripoti iliyofuata ikaonyesha mfuko umeshauza zote. Huenda sisi tunaingia mlangoni, wenyewe walishatokea dirishani. Dada alininunia wiki nzima.

Tatizo ni tarehe. Fomu 13F, ripoti ya hisa ambazo taasisi inazishikilia, inajazwa na wasimamizi wa uwekezaji wenye hisa za Marekani za dola milioni 100 na kuendelea, na wanapewa siku 45 baada ya robo mwaka kuisha. Aliyenunua 1 Aprili unaweza kumwona 14 Agosti. Ni sawa na kufika Kiboriloni alasiri ukasimuliwa makoti yaliyokuwa kwenye belo la asubuhi.

Chukua Berkshire Hathaway, kampuni ya uwekezaji ambayo wakati huo iliongozwa na mzee Warren Buffett. Tarehe 14 Agosti 2025 ilionekana ina hisa 5,039,564 za UnitedHealth, thamani dola bilioni 1.57. Kijiweni wakaanza: "Buffett kaingia kwa dola 312!" Nikatoa simu, nikagawanya mbele yao. Kweli inakuja 312, ila hiyo ni bei ya kufunga soko 30 Juni, ndiyo fomu inayotumia. Alinunua lini na kwa bei gani, haisemi. Kesho yake hisa ikaruka karibu 12%, na aliyekimbilia siku ile alilipia jina la mzee.

Vanguard na BlackRock, wasimamizi wakubwa wa mifuko, kukaa juu ya orodha ya wenye hisa kusikubabaishe. Mifuko yao mingi inafuata faharisi, yaani orodha ya kampuni iliyopangwa tayari, kampuni ikiwemo wananunua tu, wameipenda au hawajaipenda. Pia 13F haionyeshi hisa walizoazima na kuziuza wakitegemea bei ishuke, kwa hiyo unasoma nusu ya daftari. Na zile habari za "umiliki umepanda 200%", angalia idadi: mtu katoka hisa 1,000 kwenda 3,000, basi.

Siku hizi naanza na Fomu 4, ya wakurugenzi na vigogo wa kampuni yenyewe. Hao wana siku 2 tu za kazi kutangaza. Mei 2025 hisa ilipoporomoka, Stephen Hemsley, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi kuiongoza UnitedHealth, alinunua za dola milioni 25 hivi kwa fedha zake, na tuliiona mwezi uleule. Ya Buffett tuliisubiri hadi Agosti.

Fomu zote ziko bure EDGAR, tovuti ya SEC, wasimamizi wa masoko ya hisa Marekani, ambao kwao ni kama CMSA yetu Tanzania. Mimi nanakili robo mbili mfululizo kwenye daftari, idadi ya hisa tu, thamani naiacha maana inapanda na kushuka na bei. Nikimpigia dada sasa, kabla sijamaliza ananikatiza: "Hiyo ni ya tarehe ngapi?"