Tikiti Maji: Lijue Ua Kwanza, Hesabu Baadaye

Ekari moja ukiipanda kwa mita 2 kwa mita 1 inabeba mashina kama 2,000. Kila shina matunda mawili, kila tunda shilingi 2,000: hiyo ni milioni 8 ndani ya siku 80. Hesabu hii nilipigiwa na rafiki tukiwa ndani ya daladala, na wiki iliyofuata nilikuwa nimeshakopa. Ukiirudia kwa kalkuleta utaona haina kosa. Kosa lake ni kudhani kwamba tunda linatoka kwenye shina. Linatoka kwenye ua, na ua la tikiti maji limepewa asubuhi moja tu ya kuishi.

Shamba langu la kwanza lilikuwa bonde la Ruvu, upande wa Bagamoyo. Baada ya mwezi na kidogo shamba zima likawa na vimaua vya njano, nikapiga picha nikazituma kila mahali. Siku chache baadaye vikaanza kupukutika. Nilipagawa. Nikakimbilia duka la pembejeo, nikarudi na busta, ile mbolea ya kunyunyizia majani, na dawa ya wadudu, nikapiga vyote viwili saa mbili asubuhi, jua likiwa zuri na hakuna upepo. Jirani yangu, mzee aliyekaa bonde lile miaka mingi, alikuja kusimama kwenye mpaka.

"Shikamoo mzee. Maua yanadondoka yote."

"Marahaba. Hayo madume, mwanangu. Dume lisipodondoka lifanye nini, lizae?"

Akainama, akatafuta ua moja moja mpaka akapata alilolitaka. Chini ya petali zake kulikuwa na kitikiti kidogo kama punje ya harage, kina vinyweleo. Hilo ndilo jike. Dume halina kitu chini yake, ni kijiti chembamba tu. Shina moja linabeba yote mawili, ila madume hutangulia kwa siku kadhaa na siku zote huwa mengi zaidi. Kwa hiyo ukiona maua ya kwanza yanaanguka, tulia. Kama una hela ya busta, nunua soda.

Jambo zito lilikuwa lile la saa mbili asubuhi. Ua hufunguka jua likichomoza na kufikia mchana linafumba, halifunguki tena. Chavua ya tikiti, ule unga wa ua dume, ni nzito, inanata, upepo hauibebi. Lazima nyuki aje, tena si mara moja: jike linataka kutembelewa mara nane au zaidi ili chavua ienee kwenye pande zote tatu za kichwa chake. Upande uliokosa chavua haupati mbegu, na pasipo na mbegu nyama haijai. Ndiyo maana unakuta tikiti limenenepa upande mmoja, upande mwingine limebonyea. Watu husema limekosa mbolea. Mimi msimu ule nilivuna mabonde-mabonde ya namna hiyo, na mbolea nilikuwa nimemwaga mifuko. Nilichokosa ni nyuki, maana nilikuwa nimewaua kwa mkono wangu.

Basi dawa ya wadudu piga jioni, baada ya saa kumi na moja, nyuki wakiwa wamerudi kwao. Ukiweza kuweka mzinga mmoja au miwili pembeni mwa ekari yako, weka. Ukiona nyuki ni wachache, fanya kazi yao mwenyewe: kabla ya saa nne asubuhi chuma dume lililofunguka leo, toa petali zake, pakaza chavua taratibu pande zote za kichwa cha jike. Kwa ekari nzima inachosha mgongo, lakini kwa bustani ya nyumbani inatosha kabisa.

Boga na tango la shambani nayo yanaenda hivyo hivyo. Usije ukadanganywa na matango uliyoyaona kwenye kitalu nyumba yakizaa bila nyuki. Yale ni aina maalumu. Na tikiti lisilo na mbegu usilipande peke yake: chavua yake haifai, linahitaji jirani mwenye mbegu ili lizae.

Kuna hofu moja nitaitoa hapa, maana nimeulizwa mno: ati ukipanda tikiti karibu na tango, tikiti linapoa utamu. Hapana. Tikiti maji halizai na tango wala boga. Tikiti likikosa utamu, mara nyingi limechumwa changa, au majani yalikufa kwa ubwiri, yaani ukungu wa majani, kabla tunda halijakamilika, au umelimwagia maji mengi siku za mwisho. Kitakachokugeuka kweli ni mbegu ulizotoa kwenye tunda la chotara ukazipanda tena.

Mengine ni ya kawaida. Udongo usiotuamisha maji, samadi iliyooza, palizi imalizike kabla matawi hayajafungana, na yakishatambaa usiyageuze-geuze. Maji yaende kwa kipimo. Ukiacha shamba likauke kisha ulifurikishe, matunda yatapasuka. Mnyauko ukiingia, ardhi ile iachie mahindi kwa miaka. Inzi wa matunda hudunga vitikiti vikiwa vichanga, kwa hiyo vilivyooza okota ufukie chini sana. Na mtego unaonasa inzi wa maembe usiutegemee hapa, waombe dukani kivutio cha inzi wa jamii ya matango.

Kuvuna ndiko nilikolia mara ya pili. Dalali alifika na Fuso, anagonga matunda kwa kidole, anasema yako tayari. Nikakata. Nyama ilikuwa ya waridi iliyopauka, na tikiti likishakatwa haliongezi sukari hata ulilaze mwezi. Siku hizi jike likishika nachomeka kijiti chenye rangi ya wiki hiyo, kisha nahesabu siku 30 hadi 45 kulingana na aina na joto. Nikikaribia nageuza tunda: pale lilipolalia pawe pametoka kwenye weupe pakawa njano ya siagi, na kale kauzi kalikojisokota karibu na kikonyo kawe kamekauka. Dalali asubiri.

Na usikate alfajiri. Saa hizo tunda limejaa maji mpaka likiguswa linapasuka. Kata jua likishapanda, kwa kisu, kikonyo kibaki, na kwenye gari tandika nyasi chini.