Muulize Shangazi: Mume anataka tuhamie kwenye pagale Chanika

"Shangazi shikamoo. Mimi ni mama lishe hapa Buguruni, tumepanga chumba na sebule. Mwenye nyumba amepandisha kodi na anaitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea. Anasema hela hiyo tuezekee vyumba viwili kwenye kiwanja chetu Chanika, tuhamie hivyohivyo hata bila madirisha. Kiwanja tulinunua kwa mkopo wangu wa kikoba na akiba yake, lakini karatasi ya mauziano ina jina lake tu, na shahidi ni kaka yake. Nikigusia jina, anasema simwamini. Mtoto wetu mkubwa yuko darasa la saba. Mama yangu anasema nisithubutu kwenda porini. Nifanye nini?" – Mama wa wawili, Buguruni

Marahaba mwanangu.

La mama yako nalimaliza haraka. Chanika si pori. Ni Ilala, ni jiji hilihili la Dar es Salaam, na nusu ya majirani utakaowakuta huko walitoka Buguruni, Vingunguti na Tandika kwa sababu ya kodi kama yako. Mumeo naye ana hoja: kodi ya miezi sita ikishaingia mkononi kwa mwenye nyumba hairudi, bati linabaki kwenu. Kwa hiyo kuhama nakubali. Ninachokataa ni kuhama leo, kwa karatasi hiyo.

Umeniambia mkopo wa kikoba ulichukua wewe, maana yake marejesho yalitoka kwenye supu na chapati zako. Halafu kwenye mauziano haupo kabisa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama, ndoa ikivunjika, iangalie mchango wa kila mmoja, wa fedha, mali au kazi. Na mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Sheria iko upande wako, mwanangu. Shida ni kwamba kiwanja kisicho na hati kinauzwa asubuhi moja mbele ya mashahidi wawili, na wewe unabaki kuzunguka mabarazani miaka ukithibitisha kuwa ulikuwepo. Wala mabaya hayatoki kwa mume peke yake. Mungu apishe mbali, akitangulia, karatasi hiyo ataishika nani? Kaka yake.

Basi daftari la kikoba lenye tarehe ya mkopo na marejesho lipige picha leo, na kopi mpe mtu unayemwamini. Kisha nendeni wote wawili kwa wakili mkaandike makubaliano kuwa kiwanja ni cha wote, yakieleza nani alitoa kiasi gani. Aliyewauzia akiwa hai naye asaini, na majirani wa mipaka. Ukiona gharama inakushinda, Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, WLAC, kiko Kinondoni na kazi yao ni hiyohiyo.

Kabla ya bati la kwanza, ulizeni pia ofisi ya ardhi ya jiji eneo lenu limepangiwa nini. Muhuri wa serikali ya mtaa si hati. Watu wa Kimara walibomolewa mwaka 2017 kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na nyumba zao zilikuwa na umeme na maji. Kwenu upande wa Chanika kuna na mpaka wa msitu wa hifadhi wa Kazimzumbwi, ambao watu wamewahi kuuziana ndani yake. Kaulizeni, msisikilize dalali.

Sasa kazi yako. Hili limenikera, kwa sababu naona hakuna aliyekuuliza. Mashine ya kuchomelea inapakiwa kwenye bajaji, inapata wateja popote penye mageti. Wateja wako wa supu wako Buguruni, na moto wako unawaka saa kumi alfajiri. Ukihamia Chanika utaamka saa nane, utoke gizani kwa bodaboda kutafuta daladala, na kipindi cha masika bodaboda yenyewe inaweza ikakataa kuingia kwenye tope. Jioni unakuta madumu hayana maji, na ya kununua yanauzwa kwa dumu. Nani atayachota? Nani atalala na watoto kwenye chumba chenye turubai dirishani wakati wewe uko njiani? Mumeo ayajibu haya moja moja kabla hujafunga hata sufuria. Labda mwenzako wa genge ashike supu ya asubuhi, wewe uingie mchana. Zungumza naye mapema.

Na mtoto wa darasa la saba ana mtihani Septemba. Kumhamisha sasa sikubali hata kidogo.

Mwenye nyumba mwombeni kodi ya miezi mitatu. Wengi hukubali, wanajua chumba kikikaa kitupu hakiingizi kitu. Kinachobaki kiwekeni cha bati, na muda huo mwandike karatasi.

Kwa mume usianzie kwenye jina. Mwambie: "Baba watoto, Chanika nakuja, na hela ya bati natoa. Nataka watoto wakute karatasi yenye majina yetu wote wawili." Neno la kuaminiana akilirudisha, mwambie kaka yake aliitwa kusaini kwa sababu mambo ya ardhi huandikwa, na wewe unaomba hilohilo. Akikataa bado, waite mshenga na mzee mmoja wa upande wake anayemheshimu. Mpaka karatasi iandikwe, hela yako isinunue hata msumari, nawe endelea kupika hapohapo Buguruni.