Je, Kalsiamu Hupunguza Uzito?

SWALI: Shikamoo, daktari. Nina kilo 92, na jirani yangu amenishauri nimeze vidonge vya kalsiamu na kunywa maziwa kwa wingi ili nipungue. Je, ni kweli? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Dhana hiyo ina chanzo chake: mwaka 2000 Michael Zemel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani, walieleza kwamba kalsiamu inapokuwa haba katika chakula, homoni fulani hupanda na kuzifanya seli za mwili zihifadhi mafuta zaidi. Hata hivyo, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2009, ambamo watu 340 wenye uzito uliozidi walipewa ama miligramu 1,500 za kalsiamu kila siku kwa miaka miwili ama vidonge visivyo na dawa, hapakuonekana tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Kwangu mimi, ushahidi huo una nguvu kuliko nadharia.

Kalsiamu usiiache, kwa kuwa mtu mzima huhitaji takriban miligramu 1,000 kwa siku kwa ajili ya mifupa. Glasi moja ya maziwa hutoa karibu 300, na dagaa, kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa yao, wanayo tele. Angalia tu mapishi, maana dagaa waliozama katika mafuta, au chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari mara tatu kwa siku, vitakuongezea uzito unaoukimbia. Vidonge usivianze kabla ya kumwona daktari wako, hasa kama umewahi kupata mawe kwenye figo.