Ukihamia nyumba isiyoisha, anza na maji

Nilihamia kwangu Chanika nyumba ikiwa na bati, jamvi la zege na milango miwili tu. Mwenye nyumba wangu wa Buguruni alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nikapiga hesabu, nikaona hela hiyo inatosha kupiga lipu vyumba viwili. Nikafunga virago. Madirisha tuliyaziba kwa turubai na mifuko ya saruji, cherehani nikaiweka pembeni mwa chumba kisichovuja, maisha yakaanza.

Kwa hiyo wewe uliyehamia juzi na hela ya kuungaunga, nisikilize kama mtu aliyetangulia kuungua. Mimi si fundi. Kazi nimejifunza Jumapili kwa Jumapili, na ada nimelipa kwa rangi.

Rangi ndiyo iliyonitia adabu. Sebule ilipopigwa lipu sikusubiri hata wiki mbili, nikanunua rangi ya mafuta kwa sababu ya watoto, kwamba wakichafua nitafuta kwa kitambaa. Ikang'aa, majirani wakasifia. Haukupita mwezi ukuta ukaota malengelenge kuanzia chini, hadi usawa wa goti. Ukilibonyeza lengelenge linatoa maji, na rangi ikibanduka nyuma yake unakuta unga mweupe wa chumvi. Nilikwangua ukuta mzima kwa kisu butu cha jikoni huku nikihesabu ni gauni ngapi nilizoshona kuilipia rangi ile.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza, lipu mpya inataka kama siku 28 ikauke kabla ya rangi, na rangi ya mafuta inafunika unyevu usipate pa kutokea. La pili lilikuwa nje, na ndilo kubwa. Kifusi cha ujenzi kilikuwa kimesambazwa pembeni mwa nyumba mpaka kikapanda juu kuliko sakafu ya ndani. Kila mvua, maji ya bati yalidondoka hapohapo chini ya ukuta, ukuta ukanywa. Hata ningepaka rangi ya bei gani, ingebanduka.

Dawa yake haikuhitaji hela, ilihitaji jembe. Nilichimba kifusi kuizunguka nyumba mpaka udongo ukawa chini ya sakafu kwa karibu shubiri moja, nikauinamisha ili maji yakimbilie mbali na msingi. Jumapili tatu hizo, mgongo unauma.

Usikisie kama ukuta umekauka. Chukua kipande cha nailoni angavu, ukubwa wa daftari lililofunguliwa, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne pasibaki upenyo, kikae siku nzima na usiku wake. Ukikuta matone upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta, weka brashi chini. Matone yakiwa upande wa chumbani, hayo ni mvuke wa humo ndani, kinachotakiwa ni hewa tu. Mimi nilibandika vipande vitatu kwa urefu tofauti: cha chini kikatoa jasho, cha kati kidogo, cha juu kikavu. Hapo nikajua maji yanapanda kutoka chini wala si bati linalovuja.

Na kama ukuta bado una unyevu lakini umechoka kutazama lipu, paka chokaa. Ni rahisi, na inauacha ukuta upumue. Ikoroge iwe nyepesi kama maziwa, ichuje, lowesha ukuta kidogo kwanza. Ikiwa mbichi utadhani hujapaka kitu, ikikauka inakuwa nyeupe. Vaa miwani, maana chokaa ikiingia jichoni si mchezo. Ubaya wake inachafua nguo za wanaoegemea ukuta. Wageni watazoea.

Bati sasa. Tundu la msumari hulioni ukiwa juu, unaliona ukiwa ndani saa sita mchana, jua likipenya kama nyota. Usiseme utakumbuka lilipo. Penyeza kijiti cha ufagio wa chelewa kichomoze juu, halafu ndipo apande mtu. Joto la mchana na baridi ya usiku huyatanua na kuyabana mabati, misumari inalegea. Mara nyingi kinachotakiwa ni msumari mpya wenye mpira na silikoni kidogo, si bati jipya. Angalia pia aliyepigilia kama alipiga kwenye mgongo wa bati au kwenye bonde. Fundi Maiko wangu alipiga bondeni, maji yanakopita. Mimi sipandi; nampa kijana wa mtaani anayejua kukanyaga penye mstari wa misumari, kwa sababu chini yake ndipo penye papi, mbao zinazobeba bati.

Nyufa ndogo zina subira yake. Piga mstari wa penseli pale ufa unapoishia, andika tarehe. Ufa ukiupita mstari baada ya miezi miwili mitatu, msingi unatembea, mwite anayejua. Usipoupita, upanue kwa tindo, toa vumbi lote, mwagia maji, ndipo uzibe. Ukizibwa juujuu, kiraka kinadondoka kizima kama kifuniko.

Saruji yenyewe nunua kwa kilo kama kazi ni ndogo. Mfuko wa kilo 50 uliofunguliwa na kuachwa sakafuni unanyonya unyevu, baada ya muda unakuta mawe. Koroga ya kumaliza ndani ya saa moja, na ikianza kukaza usiifufue kwa maji. Kiraka kimwagilie asubuhi na jioni kwa siku saba. Mchanga wa pwani uogope, hata ukiletewa bure. Ile chumvi haiishii kwenye toroli.

Kuhusu kiasi cha rangi, muuza duka atakuambia chukua ndoo ya lita 20. Pima mwenyewe. Chumba cha futi 10 kwa 12, kuta za futi 9, ukitoa mlango na dirisha kinabaki na kama mita za mraba 33. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini inafunika kama mita za mraba 10, kwa hiyo mikono miwili ni lita 7 hivi. Ukuta wa lipu tupu unakunywa zaidi, hapo ongeza. Ila kupiga msasa fanya mwenyewe, kwa kitambaa puani, maana ni jasho tu na ndiko hela nyingi ya kibarua inakoishia.

Umeme sigusi. Kubadilisha balbu, basi. Kutandaza nyaya ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, na TANESCO wenyewe hawakuungii umeme bila kazi hiyo kupitia kwake. Nilishaona soketi iliyofungwa na shemeji wa mtu ikiyeyuka ukutani, pasi ikiwa bado imechomekwa.

Zana nyingi niliazima. Mwiko, pima maji na karai vinazunguka mtaani kwetu kama sufuria za shughuli. Nilichonunua ni brashi, rola na tindo. Rola ioshe siku hiyohiyo, kesho yake ni gogo.

Sebule niliipaka upya mwaka uliofuata, kiangazi, rangi ya maji. Chumba cha watoto bado kina chokaa. Masika yakiisha nitabandika tena nailoni zangu tatu, kipande cha chini kikitoka kikavu ndipo nitaenda dukani.