Barua kwa mwanangu: kuhusu ile ea fraya

Marahaba mwanangu. Meseji yako ya juzi nimeisoma mara mbili tatu, nikaona nisikujibu kwa sauti maana za sauti unazisikiliza ukiwa kwenye daladala af nusu unasahau, bora nikuandikie ukae nayo. Umeniuliza ununue ea fraya au uache. Umesema umeiona Kariakoo ya lita 5 kwa laki na nusu, baba watoto anaiita anasa, wewe unasema itapunguza mafuta na gesi na watoto watapata chipsi, na mama mkwe wako ambaye daktari kamwambia presha iko juu aache vya kukaanga naye atapata cha kula. Na hela unataka uikope kwenye kikoba.

Mwanangu mimi nimekaanga samaki pale soko la samaki la Deep Sea miaka 19, nyie wote mmesoma kwa lile karai, kwahiyo mambo ya mafuta sihadithiwi. Na ea fraya nimekaa nayo wiki tano kule Tabata kwa mamdogo wako alipofanyiwa operesheni, jikoni nilikuwa mimi na kile kidude kila siku ya Mungu. Ndo maana nakujibu kwa urefu.

Kwanza uelewe ni kitu gani, maana jina linadanganya watu. Haikaangi. Ni oveni ndogo, juu ina waya unaowaka mwekundu na feni, feni inasukuma ule moto uzunguke kwa kasi kwenye kikapu, basi ngozi ya juu inakauka inakuwa ngumu kidogo, ndani panaiva. Hata sio kitu cha jana, Philips walianza kuiuza 2010, wewe ulikuwa form two. Ukijua ni oveni utajua na kipi kitatoka vizuri na kipi kitakuliza. Kuku anatoka vizuri sana, samaki anatoka vizuri, viazi sio vibaya ila uvipake mafuta kijiko kimoja, karanga na korosho safi kabisa, chapati ya jana ukiitia dakika mbili inarudi kama imetoka kwenye chuma sasa hivi. Lakini vitumbua usahau. Bajia za dengu zile za uji uji zinadondoka zote chini ya kikapu zinaganda, nilijaribu nikakaa nusu saa nakwangua kwa kijiko cha mti. Maandazi yanakuwa mkate, mkate mzuri lakini mkate. Dagaa wakavu feni inawarusha, nilimkuta mmoja kanasa juu kwenye waya anaungua, nyumba nzima inanuka.

Sasa nikwambie la umeme, hapa naomba usome polepole.

Siku ya pili nilivyofika kwa mamdogo wako nilisema huyu mnyama nampima. Nikachomoa friji, nikazima taa na feni, nikaenda kwenye mita nikaandika mkononi kwa peni 52.3. Vibua wanne, nimewachanja, ndimu, kitunguu swaumu, pilipili manga, mafuta kijiko kimoja cha chai nimewapaka kwa mkono, nikawaacha walale dakika 20. Nikaweka digrii 180, dakika 12, nikawageuza, nikaongeza 6. Ilivyolia tu nikarudi kwenye mita, 51.9. Yaani sehemu 4 za uniti moja kwa vibua wanne. Nilirudia na kuku siku nyingine, dakika 25, ikala nusu uniti. Ile ya kwake imeandikwa wati 1500 na hiyo yako ya lita 5 sidhani itapishana sana.

Sehemu 4 za uniti unaweza ukasema si kitu. Kwa mamdogo wako ni kweli si kitu kwa sababu yeye zamani yuko kwenye ile tarifu ya kawaida, yaani daraja la bei ya umeme, uniti moja ukijumlisha na kodi inakuja kama 356. Wewe je? Uliniambia mwenyewe Ramadhani ilopita kwamba umeme wako mwezi mzima ni kama elfu 8 na kitu, nikakuuliza uniti ngapi ukasema 68. Maana yake wewe uko kwenye matumizi madogo, uniti shilingi 100, na kodi 122, ila mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka 75 zile za juu zinakuja kwa 350 kabla ya kodi, na ukifanya mazoea ya kuvuka Tanesco wanakuhamisha tarifu. Hebu piga hesabu na mimi: ukiitumia kila siku mara moja, nusu uniti, siku 30 hiyo ni uniti 15, 68 na 15 ni 83. Umevuka. Wakishakuhamisha uniti 83 kwa 356 ni kama elfu 29 na nusu. Leo unalipa 8,300. Elfu 21 kila mwezi mwanangu, kwa mwaka ni laki mbili na nusu na zaidi, mashine yenyewe laki na nusu! Na kurudi chini ukishapanda ni mpaka uende ofisini kwao ukaombe, waangalie matumizi yako, sio jambo la leo kesho.

Kama hukumbuki uko tarifu gani angalia meseji za luku. Ukitoa ile 1,500 ya kodi ya jengo, elfu 5 ikikupa uniti 40 na kitu uko kwenye matumizi madogo, ikikupa 14 ulishahamishwa zamani na hesabu yangu yote hii haikuhusu.

Kwahiyo ile ndoto ya chipsi za watoto kila jioni iache. Af hata bila umeme, lita 5 ni neno la dukani, ndani kikapu ukitaka viazi viive vizuri vinatakiwa vitandazwe visibebane, ni kama nusu kilo. Nyie mko sita na dada wa kazi. Raundi nne za dakika 20, saa moja na ushee, anayekula wa kwanza kashamaliza wa mwisho hajaona hata kimoja, na uniti karibu mbili zimeenda. Karai kwenye gesi unamaliza kwa nusu saa watu wanakula pamoja. Na gesi yako wala haiishi kwa kukaanga, inaishwa na maharage, yale masaa mawili ya maharage mara mbili kwa wiki ndo yanakumalizia mtungi. Loweka maharage usiku, maji ya kulowekea mwaga, utaona mtungi unavyosogea. Wenye nafasi wananunua presha kuka ya umeme kwa ajili hiyo na siwalaumu, lakini hilo siku nyingine.

Sasa mafuta. Ni kweli yanapungua, kijiko badala ya karai, sibishi. Ila wewe kwa kukaanga kwako mara mbili kwa wiki utaokoa labda lita moja na nusu kwa mwezi, kwa bei ya sasa ni elfu 8 au 9, sio pesa ya kufidia mkopo wa kikoba wenye riba. Hapo namuunga mkono mkwe wangu, usikope. Mgao wenu wa kikoba si ni Disemba? Subiri.

Na hilo la presha nalo nikuweke sawa. Kinachompandisha mama mkwe wako zaidi ni chumvi, na ea fraya haitoi chumvi. Shirika la Afya Duniani wanasema mtu mzima chini ya gramu 5 kwa siku, hiyo ni kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu alichokula kutwa, na mboga, na mkate, na kile kiungo cha vipande tunachobomoa kwenye mchuzi ambacho kimejaa chumvi. Ukimpa kuku wa ea fraya uliyemmwagia viungo vya pakiti hujamsaidia. Ndimu, tangawizi, swaumu, pilipili manga, basi, chumvi vidole viwili tu. Na viazi vyake viloweke kwenye maji nusu saa, uvitoe vikiwa rangi ya dhahabu, usingoje kahawia, kile kikemikali cha akrilamaidi ambacho Waswidi walikigundua kwenye vyakula 2002 kinatokea viazi vikiungua, kwenye mafuta kinatokea na kwenye oveni kinatokea vilevile.

Utasema mama kote huko unanikataza. Sikukatazi. Ngoja nikwambie kitu ambacho sijawahi kukusimulia vizuri.

Baba yako alivyoambiwa aache vya kukaanga, mimi nilichukua maneno ya daktari yote kama yalivyo. Miezi minane nilimchemshia. Samaki wa kuchemsha, kuku wa kuchemsha, ndizi za kuchemsha. Mume wa mkaanga samaki, mtu ambaye alikuwa anapita Deep Sea saa kumi jioni anachukua changu wa moto kwenye gazeti anakula amesimama. Alikuwa hasemi. Anakaa mezani, anamgeuza yule samaki kwenye sahani, anamgeuza tena, anasema nimeshiba mama. Alipungua mpaka suruali zikawa zinashikwa na kamba, na mimi nikawa nadhani ni ugonjwa. Sio ugonjwa peke yake mwanangu, ile ilikuwa ni njaa, mtu alikuwa na njaa ndani ya nyumba yangu na chakula kipo. Hilo linaniuma mpaka leo.

Siku ile kwa mamdogo wako nilivyofungua kile kikapu nikaona vibua ngozi imekauka, mkia umekuwa mgumu unavunjika, na chini yake mafuta ya samaki mwenyewe yamedondoka kama vijiko viwili, nilikaa kwenye kiti. Nilisema lau ningekuwa na kitu hiki mwaka ule. Sio kama wa karai, nisikudanganye, ngozi haisemi kwenye meno kama ya karai. Lakini ni samaki ambaye mtu anamla mpaka mfupa.

Kwahiyo mimi nakwambia nunua, ila inunue kwa ajili ya mama mkwe wako, iwe sufuria yake. Uliniandikia anakula vijiko vitatu anasukuma sahani na wewe unaona kama anakuchukia upishi. Hakuchukii, mwanangu. Mtu wa Pangani aliyekula samaki wa kukaanga miaka 70 huwezi kumpa mchemsho akafurahi. Mara tatu kwa wiki, kipande chake cha samaki au paja moja la kuku, hiyo ni kama uniti 5 kwa mwezi, 68 na 5 ni 73, hujavuka. Kikibaki nafasi kwenye kikapu weka na cha mtoto. Siku nyingine mtengenezee cha nazi kidogo na ndimu. Na kwa matumizi hayo hata lita 5 huihitaji, tafuta ya lita 3 na nusu, bei inashuka, na kuosha ni rahisi.

Ukiinunua, kwenye ukuta moja kwa moja. Usichomeke kwenye ekstensheni. Kwa mamdogo wako wiki ya tatu tulikuwa tumechomeka pamoja na pasi kwenye ekstensheni ya bei rahisi, nikasikia harufu ya plastiki nikajua ni kikapu, kumbe plagi imekuwa kahawia na waya umelainika kama mshumaa, dakika tano mbele tungekuwa tunazungumza mengine. Fundi alisema ule waya ni mwembamba, haukutengenezwa kwa kitu cha kupasha moto. Ile soketi yako ya jikoni iliyolegea iangaliwe kwanza, kabla hata ya kwenda Kariakoo. Dukani waambie wakuwashie uone feni inazunguka, ushike kikapu ndani usikie ile rangi nyeusi kama ni laini bila mikwaruzo, na ukifika nyumbani dada usimruhusu asugue kwa stilwaya, sponji laini na maji ya moto basi, ikishabanduka ile nyeusi imekwisha. Na usiisukumize ukutani, inapumua kwa nyuma, acha kama shubiri moja.

Baba watoto mwambie hivi hivi nilivyokwambia, kwamba ni ya mama yake. Sidhani kama ataiita anasa tena, na kama ataita nipigie nitaongea naye mimi.

Ijumaa kuna mtu anakuja huko na basi la asubuhi, nitamfungia vibua na tasi wawili kwenye barafu, kapokee stendi usichelewe. Tasi mkubwa ni wa mkwe mwenzangu. Kwa sasa mpikie kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ufunike, ndo njia yetu ya zamani kabla ya mashine, halafu uniambie kama kammaliza.

Mama yako.