Kidonda cha mama puani: mimi nilikatwa, nikazibwa kwa ngozi ya paji

Mleta mada, umesema mama yako mwenye ualbino yuko Tukuyu, kidonda cha puani kina mwaka, na daktari kasema ni kansa ya ngozi: akatwe, kisha pua izibwe kwa ngozi ya paji la uso. Unaogopa ataharibiwa sura, na umetaja mganga mwenye unga wa mizizi. Mimi yamenipata hayohayo.

Nami nina ualbino, nalima viazi Uyole. Baridi ya huku ilinidanganya. Sisikii joto, kofia ya nini? Kumbe kadiri unavyopanda milima ndivyo mionzi ya jua inavyozidi ukali. Kilianza kipele pembeni ya pua. Kinakauka, kigaga kinabanduka, damu inatoka. Zahanati moja walinipaka dawa ya fangasi miezi mitano. Hasira zake ninazo mpaka leo.

Hospitali walichukua kwanza kinyama, kikaenda maabara. Siku ya kukata walikata kidonda pamoja na milimita kadhaa za ngozi nzima inayokizunguka, maana mizizi yake haionekani kwa macho. Hapo ndipo umbane daktari: kingo za nyama iliyokatwa zitapimwa lini? Mimi shimo lilikaa na bandeji mpaka majibu yakasema kingo ni safi, ndipo wakaziba. Ukiziba na mzizi umebaki, ugonjwa unakua chini kimyakimya, na ngozi ya paji umeshaitumia.

Sasa hilo paji. Ngozi inachunwa, inageuzwa kushuka puani, lakini shina lake karibu na nyusi linaachwa limeshika, ndilo linalopitisha damu hadi pua iote mishipa yake. Kama wiki tatu una mkonga katikati ya macho! Miwani haikai. Nilikwenda Mwanjelwa mara moja, mtoto akalia, sikurudi. Baadaye shina likakatwa. Leo nina mstari wima kwenye paji, na pua imenenepa upande mmoja, si zaidi.

Kidonda kidogo huweza kuzibwa kwa kiraka cha ngozi ya nyuma ya sikio, ila kama daktari amekwishataja paji, nadhani shimo litakuwa kubwa.

Huyo mganga wa unga wa mizizi mwache. Kliniki za baadaye asikose, wampapase na tezi za shingo. Na mbebee mito miwili alale kichwa juu. Siku za kwanza macho huvimba hadi yakafumba. Mpe shikamoo yangu.