Goti nusu au goti zima? Mimi ninayo yote mawili

Dada, umesema daktari amemwambia mama yako kwamba goti lake linafaa kubadilishwa nusu au lote, achague mwenyewe, na sasa nyumbani hakuna anayejua la kumshauri. Mimi goti la kulia nilibadilishiwa nusu miaka saba iliyopita. La kushoto likaja kubadilishwa lote miaka mitatu baadaye. Si daktari, ila kitanda kile nimekilalia mara mbili.

Goti lina sehemu tatu zinazosuguana: upande wa ndani, upande wa nje, na mbele chini ya kilegesambwa, kile kifupa cha mviringo cha mbele ya goti. Kwa wengi wetu gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, huanza kuisha upande wa ndani, ndiyo maana mtu aliyekuwa na miguu iliyonyooka anaanza kupata matege ukubwani. Kwenye goti nusu wanabadilisha sehemu iliyochakaa tu, chuma juu na chini na plastiki ngumu katikati, na ligamenti zako zote, zile kamba zinazoshikanisha mifupa, zinabaki. Kwenye goti zima wanakata ncha za mifupa yote miwili, na kwa aina nyingi za magoti bandia ile ligamenti ya msalaba ya mbele inaondolewa.

Tofauti niliiona mapema. La kulia, wiki ya pili nilikuwa nimeshaweka gongo moja pembeni. La kushoto lilinitesa usiku karibu miezi miwili. Mchana unavumilia, lakini ikifika saa nane za usiku hujui mguu uuweke wapi. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa akinipima mkunjo kwa kile kirula chake cha nyuzi: la kulia lilifika nyuzi 130, la kushoto likagoma kwenye 112 na mpaka leo lipo hapohapo. Nikishuka ngazi la kulia nalisahau. La kushoto linanikumbusha, tena lina mlio wake, "tak", ambao wajukuu wanaupenda kuliko mimi. Kupiga magoti chini hakuna linalofurahia, na pembeni ya makovu yote mawili ngozi ina ganzi.

Lakini usinichukue mimi kama mizani. Goti langu la kushoto lilikuwa bovu zaidi tangu mwanzo: ligamenti ilikatika zamani nilipoanguka, na upande wa nje nao ulikuwa umeliwa. Nusu isingewezekana hata ningeililia.

Ndiyo maana niliufuatilia ule utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2019. Walichukua wagonjwa 528 ambao magoti yao yanafaa kwa njia zote mbili, kama la mama yako kabisa, wakawagawa kwa bahati nasibu na kuwafuatilia miaka mitano. Maumivu na uwezo wa kutembea vilikaribiana mno: kwenye kipimo chenye alama 48, ambapo alama nyingi ndiyo nafuu, waliowekewa nusu walipata wastani wa 38 na waliowekewa zima 37. Ukimsikia mtu anaapa kwamba moja ni la maana na jingine takataka, mpuuze.

Wanapotofautiana ni huku. Takwimu za nchi zinazosajili kila goti bandia zinaonyesha kuwa baada ya miaka 25, magoti mazima kama 82 kati ya 100 bado yapo, na ya nusu kama 70. Kwa hiyo la nusu lina nafasi kubwa zaidi ya kufunguliwa tena, ama kwa sababu limelegea au kwa sababu zile sehemu zilizoachwa nazo zimechakaa. Ila kuna jambo wengi hawalisemi: goti nusu likiuma, daktari ana pa kwenda, anaweka zima. Goti zima likiuma, anasita, kwa kuwa kulirudia ni kazi nzito kweli. Baadhi ya magoti mazima yanayohesabiwa kuwa "yapo" yanauma tu na mwenye nalo ameamua kunyamaza.

Upande mwingine, kwa nusu hatari ya damu kuganda na ya maambukizi ni ndogo zaidi, na siku za kulazwa ni chache. Kwa mtu mzima mwenye presha au moyo hilo si dogo. Kama mama ana umri mkubwa, mimi hapo ndipo ningeangalia kwanza, kabla ya hiyo miaka 25.

Halafu kuna mkono wa daktari, na hapa siyumbi. Goti nusu ni upasuaji wa wanaoufanya mara kwa mara. Mama amuulize hivi: "Katika kila magoti kumi unayobadilisha, mangapi ni nusu?" Akijibu mawili au zaidi, mwache aendelee. Akisema huwa anafanya mojamoja kwa mwaka, bora amwekee zima analolijua au ampeleke kwa mwingine.

Hakikisheni pia eksirei ilipigwa akiwa amesimama. Yangu ya kwanza nilipigwa nimelala, goti likaonekana zuri kabisa, nikarudishwa nyumbani na vidonge kwa mwaka mzima. Na kama tatizo lake ni baridi yabisi ile inayoshambulia viungo vingi mwilini, siyo uchakavu wa kawaida, nusu isahauni, kwa sababu ugonjwa utakula na zile sehemu zilizobaki.

Akishaamua, aanze mazoezi ya paja leo, asingoje tarehe. Kabla ya lile la kushoto mimi sikufanya, na zile wiki za mwanzo nilikuwa siwezi hata kuunyanyua mguu kutoka kitandani bila kuushika kwa mikono.